Wodi ya AC na TV nyota mbili, kichumba cha maabara nyuma ya jenereta nyota tano

Naandika nikiwa nimeshatulia, maana ningeandika ile wiki ya pili yangetoka matusi matupu. Hospitali siitaji jina, ni ya private, ipo Dar, wanaoijua wataijua na wasioijua wachukue tu yanayowahusu. Tumekaa pale siku 31, mdogo wangu kitandani na mimi kwenye kiti pembeni yake, kwa hiyo nadhani nina haki ya kutoa rivyu kuliko yule jamaa aliyeenda kupima presha akaweka nyota tano kwa sababu ya kahawa.

Kahawa yenyewe lakini ni nzuri, niseme ukweli. Mapokezi pale hamna wa kuwasogelea, unaingia unakuta sakafu inang'aa unajiona mpaka meno, unapewa namba, unaitwa kwa jina lako, kadi ya bima inashughulikiwa hujamaliza hata kukaa. Chumba cha vitanda viwili, AC, TV ina mechi zote, choo ndani, maji ya moto. Chakula kizuri pia, supu ya asubuhi sijawahi kulalamika. Mambo ya hoteli nyota tano na nusu, tusonge mbele.

Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda barabara ya Kilwa, daladala ilimchomekea, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti mifupa yote miwili. Ngozi ilichubuka tu, mfupa haukutoka nje, kumbukeni hilo maana lilikuja kuwa kesi. Kesho yake wakamwingiza thieta wakamwekea chuma na skrubu 8. Dokta bingwa aliyefanya kazi ile namheshimu mpaka leo, picha ya eksirei baada ya pale ilinyooka kama imepigwa rula. Nyota nne kwa thieta, ya tano nimeizuia na mtaelewa kwanini.

Siku ya tano pembeni ya mshono pakaanza kuwa pekundu. Siku ya sita pamevimba panang'aa. Siku ya saba nimemfunua shuka nikasikia harufu, ile harufu ukishaisikia mara moja huisahau, tamutamu hivi kama embe lililolala juani. Joto likapanda, dogo anatetemeka chini ya AC anasema zima, nikizima anatoka jasho. Asubuhi ya raundi nikamsubiri dokta mlangoni, mtu mzima, nikamwamkia, shikamoo dokta, marahaba mwanangu, nikamwambia kidonda kinanuka. Akaangalia. Akasema ni kawaida mwili unapambana, tutaongeza dawa.

Wakaongeza. Alikuwa anachomwa seftriaksoni tangu siku ya thieta, wakaweka na Flagyl. Siku mbili hamna kitu. Wakabadilisha, wakaleta meropenemu, hapo bima ikaanza kulalamika nikawa naongezea mfukoni, na kila aliyeingia ananiambia dada usiwe na wasiwasi hii ndo dawa kubwa kabisa, hii hamna mdudu anapona. Dawa kubwa kabisa siku nne, usaha unatoka vilevile, sasa unatoka na wa chini ukiminya pembeni. Mimi si mtu wa afya, nauza vitenge, lakini hata kwenye vitenge mteja akikataa rangi tatu unamuuliza kwanza anataka rangi gani, humpandishii bei tu.

Nikauliza, kwanini hampeleki usaha maabara ukajulikana ni mdudu gani? Jibu: kipimo cha kuotesha kinachukua siku tatu dada, tutakuwa tumechelewa. Hapo tumeshakaa siku kumi na moja!

Sasa niwaambie nilichokuwa nakiona mimi kwenye kile kiti, maana mtu akilala hospitali wiki mbili anakuwa kamera ya CCTV. Mlangoni kuna kile kiboksi cha sanitaiza cha ukutani, kizuri, cha kisasa, ukibonyeza kinalia kachu kachu. Hakina kitu. Nimebonyeza asubuhi, mchana, usiku, siku tisa mfululizo, kachu kachu. Kila anayeingia anabonyeza kwa mazoea, kinalia, anasugua mikono mikavu anaendelea, yaani mpaka watu wazima na stetho zao wanasugua hewa. Siku moja asubuhi nikaamua kuhesabu, waliomgusa mdogo wangu mpaka saa sita ni 11 ukijumlisha na wa usafi aliyemsogeza mto, walionawa kwa maji au dawa kweli kweli ni watatu.

Halafu kitoroli cha dresingi. Kinaanzia chumba cha kwanza kinashuka mpaka chetu cha mwisho. Juu kuna gozi, mkasi, chupa ya iodini, plasta kubwa. Sista anafungua kidonda cha babu wa kitanda cha pili, ambaye alivunjika nyonga na yeye mshono wake ulikuwa umeanza kutoa majimaji, anafuta, anatupa gozi kwenye ndoo, anavuta pazia kwa mkono uleule, simu inaita anaitoa mfukoni anaiangalia anairudisha, anakuja kwetu. Nikamwambia sista samahani naomba ubadilishe glovu. Akasema dada hizi ni safi nimezivaa sasa hivi. Nikasema umezivaa kwa babu. Pakawa kimya, babu mwenyewe akageukia ukutani. Akabadilisha, lakini tangu siku hiyo nikawa yule ndugu wa mgonjwa msumbufu wa chumba namba nane, na chai yangu ikawa inachelewa.

Aliyetuokoa ni dokta mmoja kijana wa zamu ya usiku, wala sijui kama bado yupo pale. Siku ya 12 saa nane usiku alikuja kwa sababu ya joto, akafungua kidonda, hakusema neno, akaenda akarudi na sirinji, akasafisha juu kwanza halafu akachoma pembeni akavuta usaha wa ndani. Nikamuuliza mbona wengine huwa wanapaka ile pamba ya kijiti, akasema ukipaka juu unaotesha wadudu wote waliokaa kwenye ngozi, mi namtaka anayeishi ndani. Akaniandikia karatasi, akaniambia asubuhi peleka mwenyewe usimpe mtu, maana ikikaa dirishani inakufa.

Ndo nikaenda nyuma ya jenereta.

Maabara ya kuotesha haipo kwenye lile jengo la vioo. Unatoka nyuma, unapita jikoni, jenereta linakunguruma, kuna mlango wa kijani umebanduka rangi. Ndani feni moja, makabati mawili yenye joto kama ya kutotolea vifaranga, na kaka mmoja kavaa koti jeupe limeungua kiwiko. Nililipa elfu 45, ambayo hela ya meropenemu ya siku moja ilikuwa inalipa kipimo hiki mara tatu na chenji inabaki. Akachukua namba yangu, akasema dada nitakupigia mimi, usisubiri karatasi ipande juu. Private zote nilizowahi kwenda ni mara ya kwanza mtu kuniambia nitakupigia akapiga.

Kesho yake mchana alinipigia, mdudu ameota, njoo uone ukitaka. Nikashuka na kandambili. Akanionyesha sahani ya plastiki, ndani kuna kitu chekundu kama jeli, ni damu ya kondoo kumbe, na juu yake vidoti vya duara vya njano ya dhahabu iliyopauka kama samli iliyodondokea meza, na kila kidoti kimezungukwa na mahali palipokuwa peupe kwa sababu anakula ile damu. Usiguse, angalia kwa macho tu. Akachota kidogo kwa kijiti akaweka kwenye tone la dawa likatoa povu. Akanionyesha kichupa cha plazma alichokuwa amechanganya mapema, akakiinamisha, imeganda kama uji uliopoa. Akasema huyu ni stafilokokasi, yule wa dhahabu. Nikamuuliza ni mdudu wa hospitali? Akacheka, akasema dada ukichukua watu watatu wazima pale barabarani mmoja wao anatembea naye puani na haumwi kitu. Suala si yupo, suala ni wa ukoo gani.

Siku iliyofuata ndo ya majibu ya dawa. Sahani nyingine, hii ina rangi ya mchanga, mdudu kapakwa kote kama mswaki wa chokaa na juu vikaratasi vya duara, vidogo kama vile vinavyodondoka ukitoboa karatasi kwa panchi ya ofisini. Kila kikaratasi kina dawa yake. Dawa ikifanya kazi mdudu anakimbia, panabaki duara tupu, anachukua rula anapima. Kikaratasi cha sefoksitini kinatakiwa kiache duara la kuanzia milimita 22 ndo ihesabike mdudu anaogopa. Letu lilikuwa 6. Nikasema basi si haba 6, akasema dada hiyo 6 ni upana wa karatasi yenyewe, yaani kaota mpaka kaigusa.

Sefoksitini hawamtibu nayo mtu huyu, ni ya kumuulizia tu, akiikataa hiyo ujue kaukataa ukoo mzima wa dawa. Penisilini, Ampiclox, flukloksasilini, seftriaksoni. Na meropenemu je? Na meropenemu. Nilikaa kwenye stuli. Dawa kubwa kabisa, ya kuongezea mfukoni, siku nne, ni ndugu wa damu wa zile alizokuwa amezikataa, tofauti na hao wenzake ni bei. Ukoo ule, akanieleza, unafanya kazi kwa kumshika mkono fundi anayejenga ukuta wa mdudu, ukuta unapasuka mdudu anakufa. Huyu kaajiri fundi wa pili ambaye mkono wake haushikiki, fundi wa kwanza ukimshika yeye anaendelea kupanga tofali. Jina lake kwenye karatasi ni MRSA, yaani stafilokokasi wa dhahabu aliyeikataa methisilini, dawa nyingine ya ukoo uleule.

Niliuliza mengi na yeye alikuwa anasubiri sahani nyingine, akapenda kuongea. Nimepata darasa pale ambalo sijalipia. Anasema huyu si mdudu mmoja aliyekaa miaka yote, ni koo zinapokezana, moja inatawala hospitali miaka kadhaa halafu inapotea inakuja nyingine, na kila ikibadilika madaktari wanakuwa bado wanatibu ile ya zamani. Ile sahani maarufu ya Fleming ya mwaka 1928 kule London iliyoingia ukungu ikatupa penisilini, mdudu aliyekuwa anamkuza humo alikuwa huyuhuyu stafilokokasi. Penisilini ikaanza kutumika miaka ya 1940 na muongo huohuo hospitalini wakawepo wanaoikata dawa vipandevipande. Miaka ya 1950 ukatawala ukoo mmoja walioupa namba 80/81, ukawa unasumbua wodi za watoto wachanga nchi na nchi. Wakatengeneza methisilini mwaka 1959 maalum kwa ajili yao, mwaka 1961 tu mama mmoja wa maabara Uingereza, Patricia Jevons, akaripoti waliokwisha kuikataa. Miaka miwili! Mi na kiwanja changu cha Chanika nimekaa miaka sita sijamaliza msingi.

Cha kuchekesha, walipokuja kusoma vinasaba vya wale wa zamani waliohifadhiwa kwenye friji, wakaona huyo fundi wa pili alishaajiriwa tangu katikati ya miaka ya 1940, kabla methisilini haijazaliwa, penisilini ndo ilimwandalia njia. Na kuna wengine Ulaya wamewakuta kwa kalunguyeye, wapo tangu miaka ya 1800, kwa sababu kalunguyeye ana ukungu kwenye ngozi unaotoa kitu kama penisilini kwa hiyo mdudu alishajifunzia huko. Kalunguyeye jamani. Hilo nilimsimulia dogo na joto lake akacheka mara ya kwanza wiki nzima.

Nikamuuliza sasa wetu ni wa ukoo upi? Hapo akawa mkweli, na ndo sababu nyingine ya nyota tano. Akasema kuujua ukoo wanasoma vipande saba vya vinasaba vyake wanampa namba, ST na tarakimu, kama pleti namba ya bajaji, na hapa mashine hiyo sina. Ninachoweza ni kuangalia tabia. Wale wa hospitali wa zamani, ST239 na wenzake, walikuwa sugu kwa karibu kila kitu, ukisoma karatasi yao ni R, yaani kakataa, kutoka juu mpaka chini. Huyu wako kakataa ukoo wa penisilini na erithromaisini, lakini Septrin kaikubali, jentamisini kaikubali. Hii tabia ni ya wale wa mtaani. Mwanza walishachunguza vidonda na majipu, majibu yakachapishwa 2012, wakakuta inayotawala ni ST88, ambayo inajulikana ni ya Afrika na ni ya mtaani.

Yaani zamani ilikuwa rahisi, anasema, MRSA ni mgonjwa aliyelazwa muda mrefu, mzee, ana mipira ya hospitali mwilini. Siku hizi kijana mzima anaingia naye kutoka nyumbani, anamwacha wodini, wodi inamsambaza. Marekani imetokea hivyohivyo na ukoo wanaouita USA300, ulianzia kwa wafungwa, watoto, wanamichezo, mwaka 2003 wachezaji wa mpira wa kimarekani wa timu ya Rams ya St. Louis walipata majipu kwenye michubuko ya nyasi bandia, na baadaye ukaingia hospitalini ukaanza kuwasukuma waliokuwemo. Ndo maana ukiuliza nani kaleta, kwa kipimo hiki sijui, anaweza akawa mdogo wako alikuja naye puani, anaweza akawa babu, anaweza akawa sista mwenyewe. Ila kutoka puani mpaka kwenye chuma, hapo lazima alibebwa na mkono wa mtu.

Kuna kitu kingine alinionyesha nakiweka hapa kwa sababu wengi mnapewa klindamaisini. Kikaratasi chake kilikuwa na duara zuri tu, kubwa, nikafurahi. Akasema angalia upande ulio karibu na erithromaisini. Kweli, upande huo duara limekatwa limenyooka, limekuwa kama herufi D. Maana yake mdudu leo anajifanya kuogopa, ukimpa dawa siku chache anajifunza anaikataa. Ningepewa hiyo ningerudi wodini nashangilia. Kaandika R kwa peni nyekundu.

Nikapanda na karatasi. Na hapa naomba niwe wa haki, wodi ilipopata karatasi ilibadilika siku hiyohiyo. Dokta bingwa alikuja mwenyewe, akamrudisha thieta wakafungua, wakaosha mpaka kwenye chuma, chuma kikabaki kwa kuwa skrubu zilikuwa bado zimekaza. Ikaandikwa vankomaisini, gramu moja asubuhi gramu moja jioni, famasi ya ndani haina, nikaipata Kariakoo duka la tatu. Dawa ya mwaka 1958 hiyo jamani, ilitokana na udongo wa Borneo, bado ndo inayotegemewa.

Dozi ya kwanza nusura ituue kwa presha. Inatakiwa ishuke taratibu kwa dripu, saa nzima au zaidi. Sista wa jioni alikuwa na haraka akaifungulia, dakika kumi dogo kawa mwekundu uso na shingo mpaka kifuani, anajikuna kama kaanguka kwenye upupu. Nikaukimbilia mrija nikaufunga mwenyewe kabla sijapiga kelele. Walipoipunguza mwendo ikaisha, na dozi zilizobaki niliweka alamu ya simu nahesabu matone. Kila baada ya siku kadhaa wakawa wanapima figo, hilo walifanya vizuri bila kukumbushwa.

Joto lilishuka siku ya tatu. Siku ya sita ile harufu haikuwepo, nilimfunua nikasikia harufu ya iodini tu na ya mguu wa mtu asiyeoga, nikakaa nikalia bila sauti. Baada ya siku 14 tukatoka na vidonge vya Septrin vya wiki nyingi, ile Septrin ya kila duka, ambayo bei ya boksi ukilinganisha na chupa moja ya meropenemu unataka kucheka.

Sasa malalamiko ya bili. Majibu yalipotoka walibandika karatasi mlangoni watu wavae gauni, wakahamisha babu, sawa ni haki. Lakini kwenye ankara nikakuta tumehesabiwa chumba cha mtu mmoja kwa siku zote zilizobaki. Nikaenda kwa meneja, kijana msafi, ofisi inanukia, akanijibu kwa upole kabisa kwamba mdudu huyu mgonjwa alikuja naye kutoka barabarani. Nikamwambia ngozi haikufunguka barabarani, ilifunguka kwenu. Nikamwambia pia inawezekana alikuja naye puani, sikatai, mtu wenu wa maabara kaniambia, lakini je mlimpima pua kabla ya kumpasua? Akasema hatuna utaratibu huo.

Tunaye dada yetu, mtoto wa mama mdogo, nesi Uingereza, alikuwa ananitumia voisi noti kila usiku. Anasema kwao mtu anayekuja kuwekewa goti anapitishiwa kijiti puani wiki kadhaa kabla, akikutwa na MRSA anapewa marhamu ya mupirosini apake puani na sabuni ya klorheksidini aogee siku tano, ndo anakuja thieta. Na wala hawakuzaliwa wasafi, mwaka 2003 kwenda 2004 Uingereza walihesabu wagonjwa zaidi ya 7,000 walioingiwa na MRSA kwenye damu, wakabanwa kila hospitali itoe namba zake hadharani, wakaweka dawa ya mikono kwenye kila kitanda, marufuku saa na mikono mirefu, miaka kumi baadaye wakawa chini ya 1,000. Siku zile zilitawala koo mbili, EMRSA-15 na EMRSA-16, anasema ya 16 sasa hivi karibu imetoweka, na wakubwa wake wa kazi wanabishana mpaka leo ni usafi ulioiondoa au ilijichokea yenyewe. Mi nilimwambia hata kama ilijichokea, sanitaiza iwekwe. Mwaka 2019 peke yake wamekadiria zaidi ya watu 100,000 duniani wamekufa kwa sababu ya usugu wa huyu MRSA, sasa kiboksi kinalia kachu kachu siku tisa, unategemea achoke?

Meneja alitupunguzia siku tatu. Nimechukua. Na tulipotoka, kile kiboksi kilikuwa kimejazwa, nimebonyeza mara mbili nikajipaka mpaka viwiko.

Kwa hiyo: mapokezi tano, chakula nne, thieta nne, wodi mbili, na hizo mbili moja ni ya dokta wa usiku. Maabara tano na ningeweza ningeongeza.

Kilichonifanya niandike leo ni babu. Alipohamishwa aliruhusiwa siku mbili baadaye, mshono bado unatoa majimaji, na binti yake tulikuwa tumepeana namba kwa sababu ya chaja. Wiki iliyopita nikampigia kusalimia. Vipi mzee? Akasema dada, kidonda kimefunguka, tumempeleka dispensari ya jirani wameanza seftriaksoni, sindano saba, leo ya nne. Nikamuuliza kuna mtu yeyote wa kule aliwahi kuwapigia kuwaambia mlilala na mgonjwa wa aina gani? Akasema hapana, wa aina gani?

Nimemwelekeza na nyie nawaelekeza. Usipande lile jengo la vioo, pita getini upande wa jiko, fuata sauti ya jenereta, mlango wa kijani. Nenda kabla ya saa sita mchana maana sampuli ya baada ya hapo inapandwa kesho. Usaha uvutwe na sirinji na daktari, si pamba ya juu. Mwambie kaka umetumwa na dada wa kandambili, na uache namba ya simu, atapiga.